Wikio

Niliandika: kila chumba kina nyumba moja.
Kompyuta ya kaunti ikaridhika.

Nikafika Mkomani, kishikwambi mkononi,
kwa Bi Mwanamize na nduguye Khalthum:
nyumba mbili, kichochoro katikati,
na juu ya kichochoro, wikio.

"Chumba hiki cha nani?"
"Cha kupitia," akasema Bi Mwanamize.
"Cha sahani ya futari," akadakia Khalthum,
"na cha kununiana. Tukigombana, twatia komeo."

Kishikwambi kiling'ang'ana: *jaza mmiliki*.

Usiku nikafuta mstari wa kwanza.
Sikuandika chumba. Niliandika wikio:
lina huku, lina kule,
lina komeo, ndiyo au hapana.

Likakubali. Kosa moja tu, mstari wa tisa:
nimesahau kichochoro,
na hamali keshafika na mkokoteni wake,
"Simile! Simile!"