Shemeji, Mwani Wako

Ulinipa ukufi mmoja tu, shemeji Nzai,
ndani ya pakiti ya maziwa iliyosuuzwa,
ukasema: huu utakunywa uchafu wa maji.
Hukusema kwamba haushibi.

Pangani, ghorofa ya nne, lifti ni ya kutazamwa.
Bahari yangu naitengeneza jikoni:
maji ya mfereji yaliyolala siku mbili kwenye jerikeni,
chumvi ya mfuko niliyoipima kwa kikombe cha uji,
mwiko ambao haugusi sufuria nyingine.

Mwezi wa kwanza nilikupigia kukushukuru.
Mwezi wa tatu ulikuwa umetambaa jiwe kwa jiwe,
umeyafunika matumbawe,
umeingia kwenye mdomo wa pampu,
na pampu ikaanza kukohoa usiku.
Tabu akaniletea maji ya moto na asali.

Basi kila Jumapili, wenzangu wakifua,
mimi nakunja mikono hadi begani na kuingia.
Nimejifunza: usikate hovyo.
Jeraha lake huvuja, na kipande kinachoponyoka
ni shamba jipya nyuma ya jiwe usilolifikia.
Shika shina pale linapoanzia kutambaa,
lifuate kwa kidole gumba hadi linapong'ang'ania mwamba,
ng'oa polepole, kama unavyofumua pindo
la sare ya shule mtoto akirefuka.
Acha robo.
Robo hiyo ndiyo mfanyakazi.

Kangaja hupata fungu lake kwanza.
Mwingine nauanika kambani, kati ya soksi za Tabu,
hata Bi. Kerubo wa mlango wa pili
akauliza kama nimefungua duka la samaki.
Nilimpelekea bakuli kwa ajili ya kuku wake.
Kuku wakautazama mwani,
wakamtazama yeye,
wakaondoka.
Mtaroni siumwagi. Mto wa huku chini una yake ya kutosha.

Halafu usiku ule wa stima.
Ilipotea saa moja jioni, ikarudi kesho yake saa nne.
Mwani wako nilikuwa nauwashia taa usiku kucha;
ndivyo ulivyoagiza, nami sikuuliza sababu.
Asubuhi ulikuwa mweupe, mtupu,
kama ile mifuko ya plastiki tuliyokatazwa,
na maji yamekuwa ya kuoshea mchele.
Umezaa na kufa usiku mmoja, bila kunishtua.
Kangaja amelala ubavu, shavu likipanda na kushuka.
Na Tabu, sare mwilini, mkebe mkononi:
"Nimpe kidogo? Labda ni njaa."

Hapo ndipo nilipomjua mkulima.
Kijiko asubuhi, kijiko jioni,
na kimoja cha siri kabla ya kulala
kwa sababu wanamwangalia.
Sikumgombeza. Nani asiyejua kuangaliwa hivyo?
Mwani wako haukuwa mlafi, shemeji.
Uliandika tu, kwa wino wa kijani,
kila tulichozidisha kwa mapenzi.

Bila stima maji hayapandi.
Ndoo sita kutoka tangi la chini,
ngazi themanini na mbili kila ndoo,
hapakuwa na wakati wa kuyalaza.
Mbili alibeba Bi. Kerubo. Hakuuliza ni za nini.
Saa tisa alasiri kangaja akasimama wima,
akageuka, akatuonyesha mkia.

Siku hizi mkebe unakaa juu ya kabati,
na kijiko ni kile cha dawa ya kikohozi,
hadi mstari wa kwanza.

Jana nyuma ya pampu niliona jani,
dogo kama punje ya mchele, kijani kibichi.
Mkasi ulikuwa mkononi.
Nimeliacha.
Lakini nimeandika tarehe ukutani kwa penseli,
pale tunapopimia urefu wa Tabu.