Koni ya Tatu

Jumamosi tulifika saa moja kasoro, umande bado,
uwanja wa shule nyuma ya Tononoka,
fulana zetu manjano ya bizari,
mgongoni maandishi: VIAZI KARAI.
Jina alilitoa Swafiya. Alisema
sote tumeviringwa unga mmoja, tumetoswa mafuta mamoja,
ila ukituuma, ndani hatufanani.

Wanaume wanne, wanawake watatu uwanjani,
na wa akiba mmoja tu, Onyinkwa mwenye goti bovu,
aliyekuja na dumu la maji ya ukwaju
na mdomo usiopumzika.

Mlinzi wa shule akatuuliza, "Refa yu wapi?"
Hakuna.
"Mtu akichezewa rafu?"
Atasema mwenyewe.
"Na mwenzake akikataa?"
Watasikizana.
Akacheka mpaka akaketi.
"Haya. Kesi bila hakimu. Na hapa hapa Mombasa!"

Mechi ya kwanza tulifungwa. Ya pili tukafungwa tena,
kisahani kikapaa hadi juu ya paa la maabara;
Kitsao akapanda, akashuka na kisahani,
na mpira wa tenisi, na kiatu cha mtoto,
na hakuna aliyejua cha kufanya na kile kiatu.
Tukakiweka kando ya mabegi, kikatutazama.
Ya tatu tukashinda.

Jumapili, saa tisa, jua limekaa utosini,
tunagombania nafasi ya tano na watu wa Voi.
Si kombe. Nafasi ya tano.
Lakini muulize wa sita.

Kumi na mbili kwa kumi na mbili.
Anayepata sasa, amepata.

Kitsao akaachia mapema mno. Kisahani kikapinda,
kikakawia hewani kama mtu anayetafuta neno,
na Mbodze akakimbia,
Mbodze wa kaunta ya benki, mfupi, mwenye haya,
akakimbia kama aliyekumbuka sufuria jikoni,
akajirusha.
Vumbi. Mkono juu. Kisahani ndani ya mkono.

Nami nilikuwa pale, kwenye koni ya tatu, hatua mbili.
Mstari wenyewe haukuchorwa,
ulikuwa wa kudhania tu, kutoka koni hadi koni.
Nikauona mguu wake wa kushoto, kidole gumba,
kikikanyaga nje kabla hajaruka.

Mwenyewe hakujua. Alifuta mchanga jichoni,
akaniuliza mimi:
"Nilikuwa ndani?"

Na Mwakio wa Voi, aliyekuwa akimkaba, mikono magotini, pumzi hana:
"Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Utakavyosema ndivyo."

Wakanyamaza wote. Hata mlinzi alisimama.

"Sijui," nikasema. "Naona ndani."

Katika maneno hayo matatu
moja lilikuwa uongo, na mengine yalilisindikiza.

Baadaye tukafanya duara, ndiyo desturi,
Voi, Viazi, Voi, Viazi, mikono mabegani,
jasho la huyu shingoni mwa yule.
Kila timu humtunza mmoja wa wapinzani
kwa uungwana wake. Voi walinunua Marikiti
pakiti ya ubuyu, ule mwekundu, wenye pilipili.
Mwakio akaita jina langu.
"Kwa sababu hakujifanya anajua."

Mbodze alipiga makofi, kisha akaacha.

Niliula. Ungefanya nini, mbele ya watu?
Punje moja, ya pili, ya kumi, na kokwa zake nikizitema mkononi.
Njiani Swafiya akaniambia, kama watoto, hebu toa ulimi.
Nikautoa. Wakaangua kicheko.
Ulimi hauna mfupa, wamesema wa kale;
hawakusema kwamba unashika rangi.
Nikasukutua kwa dumu la Onyinkwa. Haikutoka.

Mbele yetu Mbodze anarusha kisahani juu, peke yake, anadaka,
anarusha, anadaka,
na kila anapofika ukingo wa lami
anasimama kidogo
na kuitazama miguu yake.