Mbegu ya Safari

Miezi mitatu nimezilea.
Maji ya dumu, ya kununua,
nikayagawa kwa kopo la Kimbo,
shina hili kopo, shina lile kopo,
mwenyewe nikioga nusu ndoo.
Samadi nilibeba kwa baiskeli toka zizini kwa Chilongani,
vijiti nikavifunga kwa vipande vya gauni kuukuu la Yudita,
na upepo wa Ipagala, usiojua kupiga hodi,
ulipomwaga vumbi lake jekundu
nilifuta jani mojamoja, kama miwani.

Zikaiva.
Ngozi ya kung'aa, duara la kuchorwa.
Majirani walichungulia juu ya minyaa.
Nikachuma ya kwanza asubuhi, ingali na baridi,
nikaikata kwa kisu cha mkate,
chumvi nikaiacha makusudi.

Maji.

Nikatafuna tena, polepole,
kama mtu anayetafuta sarafu mchangani.
Maji, na ganda.
Nikamwita Yudita. Akala, akatazama dari.
"Ni laini," akasema.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa:
naujua uzito wa "ni laini".

Chilongani hakuwa na subira hiyo.
"Mzee, hii umeipaka rangi?"

Mama yangu, kule Mvumi, hakununua mbegu.
Zake zilijiotea palipomwagwa maji ya vyombo,
ndogo, zimepasuka mabega, kali za kukunja jicho;
mbili tu zilitosha chungu kizima cha mlenda
na mwiko tuliulamba hadi mti ukaonekana.
Au ni njaa ile iliyokuwa tamu?
Nimejiuliza usiku, nikakosa wa kumuuliza.
Ulimi nao huzeeka,
ila haung'oki kama jino tukajua.

Kijana wa duka la pembejeo, pale Majengo, hakuona haya:
"Hiyo ni mbegu ya safari, baba.
Inafika Dar haijapondeka."

Ya safari!
Na kwangu, toka shinani hadi jikoni,
ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu.

Sasa nimepunguza maji,
kopo moja kwa siku tatu. Majani yamenuna.
Zilizobaki Yudita kaziweka dirishani,
kazipanga kwa kimo kama watoto wa kwaya.
Kila mgeni anayeingia anazisifu.
Hatumkatii.