Sina Samaki

Karatasi aliyonipa Mwalimu Wadha ina mistari tisa.
Naisoma ndani ya lori la maji, huku Mabela,
mpira ukinguruma, tangi la watu likijaa:
mtoto ajue jina lake, la baba na la babu;
avae viatu mwenyewe, hata akikosea mguu;
aombe ruhusa ya kwenda chooni;
afungue kifuniko cha chakula chake.
Hapo kwenye choo nikasita. Tangi likafurika.

Ada ya chekechea ni riali thelathini kwa mwezi.
Sisi tutatoa nne. Zilizobaki
zinatoka mifukoni mwa watu tusiowajua,
na kuzipata nimepanga foleni asubuhi tatu
na karatasi ya mshahara, karatasi ya kodi,
karatasi ya benki yenye deni la friji.
Kijana wa dirishani aliuliza: watoto wangapi?
Wanne. Mama yako mnakaa naye? Ndiyo.
Aliandika bila kuinua uso,
na mpaka leo namwombea dua kwa kutoniangalia.

"Riali nne ni mtungi wa gesi," alisema Thuraya.
Nikamwambia gesi tutakopa.
"Na nani atakukopesha moto?"
Lakini usiku ule ule nilimkuta sebuleni, pini mdomoni,
anapunguza gauni la binti mkubwa.

Mimi skuli niliingia ghafla,
mwaka ule ule tuliotoka Unguja,
Kiswahili kimenijaa mdomoni kama wali wa moto.
Mwalimu akaniinamia: "Ismak?"
Nikamjibu kwa adabu: "Sina samaki."
Katika maneno yangu yote
hilo la mwisho ndilo pekee walilolielewa.
Darasa likaanguka kwa kicheko,
nami nikaitwa Samaki mpaka darasa la sita.

Siku hiyo hiyo, baada ya mapumziko,
nilitafuta neno la choo kila pembe ya kichwa.
Halikuwemo.
Maji yakajitafutia njia chini ya dawati.
Leo nauza maji.

Basi kila baada ya magharibi tunakaa mkekani,
mimi na Buthaina
na kopo la bluu la aiskrimu lenye kitumbua ndani.
"Nifungulie, baba."
Mikono hii hufungua nati zilizoshika kutu.
Naikalia.
Mama anafoka kutoka kitandani: "Mfungulie mtoto!
Unamnyima kitumbua nilichokipika mimi?"
Buthaina kang'ata, kavuta, kakanyaga;
kifuniko kikaruka,
kitumbua kikabingirika chini ya kabati.
Akakifuata kwa tumbo. Akarudi na kitumbua, na vumbi,
na soksi iliyopotea tangu Ramadhani.

Siku ya kwanza sikuondoka.
Niliegesha lori upande wa kivuli, mkabala na dirisha,
nikajifanya nakagua tairi.
Aliulizwa jina. Akataja lake, akataja langu,
kwa babu akababaika, akamtaja bibi.
Mwalimu Wadha akaandika hivyo hivyo.
Saa nne wakatoa vyakula.
Jirani yake, kitoto cha kiume kilicholia tangu asubuhi,
kilikuwa kimekumbatia kopo lake kama mto.
Buthaina akalichukua, akalifungua kwa meno,
akamrudishia, kisha ndiyo akashika lake.

Simu ikaita: tangi kavu, wageni wamefika, uko wapi?
Nikasema niko njiani.

Ndipo akainua mkono,
akasema neno moja, silo la nyumbani kwetu,
akatoka, akakawia,
akarudi anajipangusa vidole kwenye gauni la dada yake.
Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.
Kitoto cha pembeni kilikuwa kinakula.