Alama za Viatu

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya ubatizo wa Ansima,
vile vyeusi, visivyoijua njia ya Mugogo.
Mvua ilikuwa imepita Kadutu kabla yangu.
Udongo mwekundu ukanisindikiza hadi ndani ya benki
ukaandika kwenye vigae vyao vyeupe:
amekuja, amekuja, amekuja.
Mfagiaji akatokea na tambara lake. Hakusema neno.
Nilipofika dirishani, ilikuwa kama sijawahi kupita.

Nilitaka gari, si la kujionyesha.
Noah ya kijivu pale Nguba, volani upande wa kuume,
kioo kimeandikwa kwa chaki: 5 200.
Nilishaipima kwa macho. Viti vikikunjwa,
magunia kumi na mawili ya unga wa muhogo;
kumi na matatu nikiendesha mimi,
maana mimi sijazi nafasi.

Wakaniambia: acha dosiye, acha dola kumi, tutakuita.
Nikaacha. Simu ikakaa kimya kama jiwe la kusagia.
Nikaenda kwa wa pili, Nyawera.
Kwa wa tatu, ile koperative ya juu ya duka la dawa.
Kwa wa nne, aliyeniazima kalamu
akainyoosha mkono kuidai kabla sijamaliza jina la baba.
Kila mahali dola kumi, fotokopi ya karte ya mchaguzi,
barua ya shefu wa kartiye, na picha mbili ndogo
ambamo nafanana na mtu aliyekwisha kukataliwa.
Nilidhani ni kama biashara:
usipopita na beseni nyumba kwa nyumba,
nani atajua unga wako umefika?
Kuomba si kuiba, nilijisemea nikipanda ngazi.

Wa tano aliitwa Bwana Cirhuza. Hakuwa mtu mbaya.
Alinigeuzia kioo cha kompyuta taratibu,
kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya mapafu yake.
“Tazama, mama. Machi tarehe nne. Tarehe tisa. Kumi na moja.”
Nabintu, Nabintu, Nabintu,
mstari juu ya mstari, kama matuta.
“Deni langu ni lipi?”
“Huna deni.”
“Nimemdhulumu nani?”
“Hakuna.”
“Basi?”
“Umeomba mara nyingi, kwa muda mfupi.
Mtu wa namna hiyo, mashine inamwogopa.”

Inaniogopa. Mimi,
niliyemrudishia M'Birindwa chumvi yake
kijiko kikiwa na kilima.

Nikainamisha macho. Kijana wa pale alishafuta njia yangu yote,
toka mlangoni hadi kwenye kiti.
Alifuta vizuri, hadi pembeni.
Nikatamani kumwambia: mwanangu,
lete hilo tambara, pangusa na huku,
kwenye kioo cha huyu bwana.

Dola hamsini nimelipa
ili niandikwe kwamba nimeomba.

Jumapili kwa M'Birindwa tulifungua daftari la likelemba,
daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Jina langu limo humo kila wiki
tangu Ansima hajaota meno,
na hajatokea mtu wa kusema, Nabintu, umezidi.
Zamu yangu ni Novemba.
Nimepiga hesabu mara mbili, na mara ya tatu kwa vidole:
magurudumu mawili, yaliyotumika.

Jana nilipita Nguba. Chaki imeoshwa na mvua,
bei haisomeki tena,
na mwenye gari ameegemea boneti akila sambaza kwenye karatasi.
“Mama, bado unaitaka?”
Sikumwomba kitu.
Nilimuuliza tu
matairi yake ni ya namba gani.