Majina ya Thani

Duka la Thani lilikuwa Ruwi, nyuma ya masonara,
ngazi tatu chini, feni moja, kaseti mpaka darini.
Filamu zilikuja na majina ya kwao,
Kihindi, Kimisri, Kiingereza,
na mama zetu, wazaliwa wa Malindi na Vikokotoni,
walitaka jina linalokaa mdomoni.
Basi Thani akawabandikia: karatasi nyeupe, kalamu ya buluu,
Kiswahili cha mtu aliyeacha shule darasa la nne.
Kuzitazama hakuwahi. Aliangalia jalada,
akakuna kidevu, akaandika.

"Kicheko cha Bibi Harusi" tuliikodi usiku wa Idi.
Shangazi Ghanima alikaanga sambusa sitini,
majirani wakaja na mito yao.
Bwana harusi akafa kabla ya sambusa ya pili,
na bibi harusi, saa mbili na nusu,
hakuonyesha hata jino.

"Panga la Kisasi" wavulana waliigombea.
Kumbe ni mzee na shamba lake la miwa:
anakata, anapumzika, anakata,
mpaka Suleyum akalala mdomo wazi.
Na "Watoto Wema", hiyo hatukuimaliza.
Baba alisimama mbele ya televisheni
akaipanua kanzu yake kama pazia.

Shangazi akaenda kudai baisa mia tano zake.
Thani hakubisha. Alizihesabu, akamuuliza tu:
"Wewe ungeiitaje?"
Shangazi akaegemea kaunta,
akafikiri, akafikiri,
akaikodi tena.

Nimeyakumbuka haya nikisafisha kabati la mama,
Wadi Kabir, siku ya tatu baada ya hitima.
Mwaka ule, sijatimiza miaka sita, alituambia:
"Tunakwenda kutembea Maskati."
Kutembea.
Nikachukua nguo mbili na kiatu kimoja;
cha pili sikukiona, tutakitafuta tukirudi.
Jikoni nazi ilikuwa imevunjwa, haijakunwa,
na mbuzi kando yake katoa ulimi.

Baada ya miaka miwili nikamuuliza
matembezi yanakwisha lini.
Akanituma dukani nikanunue chumvi.
Chumvi ilikuwamo, kopo zima.

Simlaumu. Naye filamu hakuwahi kuitazama.
Aliona jalada: ndege, dirisha,
mkono wa mtu unapunga.
Nimejaribu kumtafutia jina jingine.
Kuhama. Kukimbia.
Kurudi, maana babu wa babu alitoka Ibra.
Nabandika, asubuhi nalikuta sakafuni.

Jana nilipita Ruwi. Kibao kingalipo,
"Furaha Video", ila herufi mbili za mwanzo zimeanguka,
imebaki raha, na ndani wanauza betri.
Nikashuka zile ngazi tatu, nikaomba betri ya saa.
Kijana akauliza, saa ya aina gani?
Nikatazama mkono wangu mtupu.
Nikamwambia nitarudi.