Zamu ya Ijumaa

Tuko wanne, fulana za manjano juu ya makoti,
kama mafundi wa barabara waliosahau sururu.
Ketill kabeba chupa ya chai,
Asdis tochi,
Hjalti, baba wa pacha, kabeba maneno kutuzidi sote.
Mimi mikono mitupu. Nimeitia mfukoni.

Giza liliingia tangu saa tisa alasiri.
Tunapita nyuma ya bwawa la maji moto, mvuke ukipanda,
tunapita kituo cha mafuta,
theluji ikivunjika chini ya viatu kama mkate mkavu.
Hatuna pingu, hatuna filimbi.
Tuna kanuni mbili tu:
usiulize “Umekunywa nini?” kabla ya kuuliza “Umekula?”
na mtoto wangu useme naye wewe,
wako niachie mimi.

Wiki ya kwanza vijana walitucheka:
“Mama zenu wamegeuka nguzo za taa!”
Niliudhika hadi nyumbani.
Kisha nikawaza: taa haimfukuzi mtu.
Inasimama tu, na mtu anaonekana.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi.
Sisi wa Aisilandi samaki tunawaning’iniza nje,
wazi, kwenye vichanja vya mbao,
na anayewakunja ni upepo.
Miaka kumi na minne nilidhani mkunjaji ni mimi,
jikoni, kwa maonyo yangu.
Ndiyo maana niko nje sasa.
Nimekuja kuonana na upepo.

Mdogo wangu Bardur alianza na chupa ya nusu
nyuma ya ghala la barafu.
Kisha vidonge vya mgongo wa baba,
droo ya jikoni, haina kufuli.
Mama alihesabu vijiko vya fedha kila Krismasi;
vidonge hakuvihesabu hata siku moja.
Mji mzima ulijua.
Mji mzima ulifunga mapazia kwa adabu,
kila mtu na kwake.
Alikuwa na miaka kumi na tisa.
Jina lake tukalikunja, tukaliweka
mahali tusipofagia.

Leo, nyuma ya ukumbi wa michezo, vivuli vitatu.
Sindri anaingiza kitu ndani ya mkono wa koti.
Wa pili anatazama viatu vyake.
Wa tatu kavaa kofia niliyoifuma mimi,
naijua kwa lile kosa la mstari wa tatu.

Hotuba ninayo. Nimeiandaa miaka.
Ketill ananigusa kiwiko: kanuni.
Anammiminia Ylfa chai, wanatangulia,
na mimi nabaki na Sindri, mwana wa Asdis,
ulimi umekauka.
“Umekula?” namuuliza.
Anatikisa kichwa. Anaanza kulia
kwa kitu ambacho si njaa.

Nyumbani chupa hatukuitaja.
Nilikata mkate wa rai, nikapaka siagi nene mno,
nikamwambia Ylfa alikuwa na mjomba.
Aliacha kutafuna.
“Droo gani?”
Nikamwonyesha. Hiyo hiyo,
tunamoweka mishumaa na betri.
Aliivuta, akaitazama sana,
akaisukuma polepole, kana kwamba kuna mtu amelala ndani.

“Ketill kaniambia kwa nini mikono yake inatetemeka,”
akasema. “Kumbe si baridi.”
Mimi nimemjua Ketill miaka ishirini.
Sikuwahi kumuuliza.

Sijui Ijumaa ijayo atakuwa wapi.
Kofia kaiacha mezani, imelowa,
inanuka moshi na kitu kitamu nisichokijua.
Nimeitundika karibu na fulana yangu
zikauke pamoja.